Kila Kiraka Inchi Moja na Nusu

Areora, Atiu
12 Novemba 1973

Nooroa mdogo wangu,

Natumai karatasi hii inakukuta mzima, na kwa picha uliyotuma naona umezidi uzima, mashavu yamejaa. Sisi tupo. Mananasi yameiva mapema, na paka amezalia ndani ya sanduku la nguo za kanisani.

Mama yupo, ila si yule uliyemwacha. Macho yamekwisha kabisa. Sasa anatambua watu kwa nyayo na kwa kikohozi, na akikosea anasema ni wewe uliyebadilisha kikohozi.

Nakuandikia kwa agizo lake. Juzi aliniita nikiwa namenya taro. "Akaiti, kitambaa changu cha kuzikiwa kiko wapi?" Nikamwambia, Mama, una tivaevae saba za kufunika kitanda kwenye kasha, chagua. "Hizo za wajukuu na za wageni," akasema. "Nataka yangu. Ya viraka vidogo. Nusu ushone wewe, nusu ashone Nooroa." Nikamwambia Nooroa yuko Auckland anashona mikono ya makoti kiwandani, muda ataupata wapi? Akanijibu, "Kama anawashonea Wazungu mikono, atanishonea na mimi."

Basi ndiyo hivyo. Anataka ashuke kaburini akiwa amefunikwa na binti zake wote wawili. Mimi nashona upande wa kushoto, wewe wa kulia, tutaunganisha katikati. Kila nusu ina safu arobaini, na kila safu viraka themanini toka kichwani hadi miguuni. Mpangilio wa rangi zinazochora maua, kubwa likiwa katikati, Mama anausema kwa kichwa, mstari kwa mstari, bila kukosea, na mimi ndiye ninayechoka kuandika. Karatasi nne zimo humu ndani.

Kila kiraka ukikate inchi moja na nusu. Mshono robo inchi kila upande, kibaki inchi moja kamili. Kila kiraka, Nooroa, si baadhi. Nakumbuka foronya zako za shuleni, moja iliutosha mto na nyingine ilimtosha kuku. Hapa kosa la unywele mmoja linazaa themanini.

Vitambaa nunua huko, unitumie na mimi sehemu yangu ili rangi zifanane. Hatuna muda wa kuchezea.

Dada yako,
Akaiti


Grey Lynn, Auckland
9 Desemba 1973

Dada Akaiti,

Barua yako nimeisoma mara nne na nimelia mara mbili, mara moja kwa Mama na mara moja kwa kucheka. Yule kuku alikuwa na mto mzuri kuliko wangu.

Mwambie Mama nimekubali kabla hajamaliza kusema. Vitambaa vyako vimo kwenye kifurushi: nyekundu, manjano, kijani na nyeupe, vyote kutoka majora yale yale niliyokata vyangu. Tepu yangu ya zamani ilipotea nilipohama nyumba, na sasa madukani wanauza za sentimita tu, maana serikali imeamua inchi ziende zikapumzike. Nikamwuliza mwenye duka inchi moja na nusu ni ngapi. Akasema sentimita tatu na milimita nane. Nikamwuliza tena, na tena, mpaka mkewe akaanza kunicheka. Kwa hiyo usiogope, kipimo kiko mkononi.

Nikitoka kazini napika, nakula, halafu nakaa dirishani na sindano mpaka mwanga unaponiacha. Wenzangu kiwandani wananiuliza, unashona mchana kutwa halafu unakwenda nyumbani kushona? Nawaambia mchana nashona koti, jioni namshona Mama.

Nilisema naondoka kwa miaka miwili. Imekuwa kumi na moja. Najua anahesabu, na najua unamsikia akihesabu. Mwambie mikono yangu inatangulia, mimi nafuata.

Wako,
Nooroa


Grey Lynn
20 Mei 1974

Dada,

Nusu yangu hii hapa, na meli inaondoka Alhamisi kwa hiyo sina la ziada. Safu arobaini. Viraka elfu tatu na mia mbili, nimevihesabu mara mbili. Sijawahi kushona kitu kizuri namna hii maishani, na nisipokisema mimi nani atakisema?

Mpe Mama akishike kwanza, kabla wewe hujaanza kukitafutia kasoro. Aanze na pembe ya juu, pale penye ua jekundu. Hapo nilishona siku ya kuzaliwa kwake.

Nooroa


Areora
17 Juni 1974

Nooroa,

Sijui nianzie wapi, basi nianzie kwenye mkeka.

Nilitandika nusu yangu na nusu yako ubavu kwa ubavu. Juu zimekutana vizuri, hata nikasema moyoni, kumbe mtoto huyu amekua. Nikateremka. Kufika katikati ua lako limeshuka viraka vitatu na zaidi chini ya langu. Kufika mwisho umenipita inchi sita na kitu. Inchi sita, Nooroa! Nikavuta, nikalainisha kwa mkono, nikamwita Mama Ngatama jirani ashike upande wa pili tuvute pamoja. Wapi. Ua la Mama limepasuka katikati kama kinywa kilichopinda.

Ni sentimita zako hizo. Umepewa kipimo na mtu wa dukani asiyejua hata tivaevae inaliwa au inavaliwa, ukaridhika. Mimi nimetumia tepu ya Mama mwenyewe, ambayo imeshona nusu ya kisiwa hiki. Nilipimia kigezo cha bati, nikakata kila kiraka kwa kigezo hicho kimoja. Vyangu vyote vinalingana kama meno.

Mama Ngatama alitoa mashauri yake. Mara tupunguze viraka sita vya chini katika kila safu yako. Nikamwuliza, na hesabu ya Mama tuitupe wapi? Mara tukusanye kidogo kidogo kwenye mshono wa katikati, ijikunje. Mama alale kwenye mikunjo? Mara tuongeze ukanda mweupe chini ya nusu yangu ili miisho ilingane. Ukanda ni wa watu walioshindwa.

Mama nilimpa ashike. Akapapasa, akageukia ukutani. Sitaki kusema zaidi.

Nakurudishia. Kwenye bahasha nimekuwekea kiraka kimoja changu ambacho hakijashonwa. Fumua safu zote, weka kiraka changu juu ya kila kiraka chako, punguza kinachozidi, ushone upya. Ni kazi, ndiyo. Mimi nina kazi pia. Namgeuza Mama mara tano kwa siku, namlisha kwa kijiko, na kila meli ikipiga honi ananiuliza kama wewe umeshuka.

Akaiti


Grey Lynn
10 Julai 1974

Dada,

Nisamehe. Naanza na hilo ili usije ukaacha kusoma.

Kifurushi kilipofika nilidhani ni zawadi. Nilikifungua mbele ya wapangaji wenzangu.

Nimepima tena kwa tepu yangu, ni tatu na milimita nane. Nimeazima tepu ya inchi kwa bibi mmoja wa kisiwa cha Mangaia anayekaa mtaa wa nyuma, ni inchi moja na nusu, haizidi wala haipungui. Halafu naweka kiraka chako juu ya changu, na changu kinatokeza kando kwa unene wa sarafu. Sielewi. Labda vitambaa vilivutika nilipopiga pasi. Labda tepu za huku zote zimeoza, hata ya yule bibi. Sibishani na wewe. Kama Mama aligeukia ukutani basi mimi ndiye niliyekosea, tepu iseme inavyotaka.

Nimeanza kufumua. Nakata uzi kila mshono wa tatu, navuta, safu inaachia. Kushona kulinichukua miezi mitano na kufumua kunakwenda kama maji, inauma kuona. Jana niliachanisha ile safu ya siku yake ya kuzaliwa.

Nakuomba kitu kimoja. Alisema lolote alipokishika? Hata neno baya. Nitafurahi hata kwa neno baya, maana sauti yake sijaisikia miaka kumi na moja.

Nooroa


Areora
6 Agosti 1974

Nooroa mpendwa,

Barua yako nimepata. Hapa si pabaya. Mvua imenyesha, taro zinapendeza.

Mama amepungua. Anakunywa maji ya nazi na mchuzi, vingine hataki. Hana maumivu makubwa.

Kuhusu kitambaa, usijichoshe. Kama hujakata sana, acha hapo ulipofika na ukitume hivyo hivyo kilivyo, tutaona la kufanya. Si lazima kiwe vile nilivyosema. Afya yako ndiyo muhimu.

Kula vizuri. Kuna baridi huko.

Dada yako akupendaye,
Akaiti


Grey Lynn
1 Septemba 1974

Dada Akaiti,

"Usijichoshe." Msimamizi wetu kiwandani ana neno hilo hilo. Humwambia mwanamke ambaye amekwisha kuamua kumwachisha kazi Ijumaa.

Nimeelewa. Mmekaa na Mama mkaona Nooroa hawezi, hakuweza foronya, hataweza hili. Umeishona mwenyewe nusu yangu, au Mama Ngatama anakusaidia, na hamtaki kuniambia. Tangu lini ukaniita mpendwa? Toka nizaliwe hujaniita mpendwa. Ulinitisha kuliko kama ungenitukana.

Sikiliza basi. Sijaacha na siachi. Jana nimemaliza kukata safu zote arobaini, kila kiraka sawasawa na chako. Nimeanza kuzishona upya na zimefika kumi na mbili. Kidole cha shahada kimevimba usaha kwa sindano, nashona na cha kati. Nimeomba likizo ya Krismasi nikapewa. Nitakuja nayo mwenyewe mkononi, nitaiweka mwenyewe mapajani mwa Mama. Akitaka kugeukia ukutani, ageuke nikiwa nimekaa hapo.

Mwambie anisubiri.

Nooroa


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Atiu, 30 Septemba 1974

MAMA AMELALA JANA ALFAJIRI. TUNAMZIKA LEO. AKAITI


Grey Lynn
1 Oktoba 1974

Dada,

Mlimfunika na nini?

Nooroa


Areora
29 Oktoba 1974

Nooroa,

Barua yako ina maneno matatu na sijalala vizuri tangu ifike. Nitakujibu, lakini nitaanzia nyuma, na uisome mpaka mwisho hata kama utatamani kuichana.

Mwishoni mwa Julai Mama Ngatama alikuja kuazima kigezo changu cha bati, anataka kushona mito. Ni mtu wa kuchunguza, unamjua. Akaweka tepu yake juu ya bati. Akaniambia, "Akaiti, hiki si inchi moja na nusu. Kimepungua." Nikamwambia aende akanunue miwani. Akacheka, akachukua tepu ya Mama, akaiweka sambamba na yake. Ile ncha ya shaba mwanzoni mwa tepu ya Mama haipo. Ilichomoka siku nyingi, ikaenda na kipande cha utepe. Yeye Mama alijua, siku zote alianza kupima kwenye alama ya inchi moja. Mimi nilianzia mwisho wa utepe kama mtu aliyezaliwa jana.

Kwa hiyo kigezo kilikuwa kibaya, na viraka vyangu vyote elfu tatu na mia mbili ni vibaya, na vyako vilikuwa sawa. Vyako vilikuwa sawa kabisa, Nooroa. Mimi ndiye nyani nisiyeona kundu langu, nikacheka la mwenzangu mpaka ng'ambo ya bahari.

Agosti nilikaa na kalamu siku mbili. Nilikuwa na neno moja tu la kuandika, nikaandika mengine yote. Nikaandika mvua. Nilidhani ukikituma hivyo hivyo nitaongeza kwangu ule ukanda mweupe, nishone kimyakimya, na hutajua kamwe. Nilikuwa naogopa aibu kuliko nilivyokuwa naogopa muda. Hilo ndilo nililolifanya na sina jina lake.

Bado. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili.

Mama hakukishika kitambaa chako. Sikumpa. Nilikwambia alipapasa akageukia ukutani, ni uongo, niliutunga hapo hapo kalamu ikiwa mkononi. Kilipofika alikuwa amelala chumba cha pili. Alisikia karatasi ya kifurushi ikichanika, akaita, "Ni cha Nooroa?" Nikamwambia ni mashuka ya kanisa. Nikakikunja, nikakipeleka kwa Mama Ngatama, na huko ndiko tulikotandika mkeka.

Utaniuliza kwa nini. Miaka kumi na moja, mdogo wangu. Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi namtoa kinyesi. Na kila honi ya meli anauliza wewe, wewe, wewe. Hajawahi kuuliza mimi niko wapi, kwa kuwa nipo. Nilifungua kifurushi nikaona kazi yako, ni nzuri, ni nzuri kuliko yangu, mishono midogo kama mchanga. Nikaona akikishika atalia kwa furaha, na mimi sijawahi kumliza kwa furaha. Nikatafuta kasoro. Nilipoona zile inchi sita nilishukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru.

Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza asubuhi na jioni, "Cha Nooroa kimefika?" Nasema bado, Mama. "Hajamaliza?" Hajamaliza. Jioni ya mwisho akasema, "Mtoto huyu alikuwa mzito wa kushona tangu zamani. Mwambie simkasirikii." Neno lake ndilo hilo uliloniomba. Limechelewa, lakini ni lake, sikuongeza kitu.

Sasa swali lako. Kulikuwa na joto, mchungaji akasema hatuwezi kungoja zaidi ya siku moja. Wanawake wakafungua kasha wakatoa zile saba. Nikakataa. Nikasema aliagiza ya binti zake. Basi tukamfunika kwa nusu yangu peke yake. Mama alikuwa mrefu. Tukaanza kwa kukunja chini ya kichwa kama desturi, tukateremsha, tukateremsha, kikaishia kwenye vifundo vya miguu. Nyayo zake zikabaki nje mbele ya watu wote. Laiti viraka vyangu vingekuwa inchi kamili, vingefika nyayoni. Nilivihesabu pale pale, watu wakiimba. Mtu mmoja akaniletea taulo.

Ameshuka na taulo miguuni, Nooroa. La bluu, la kuogea.

Kaburi liko mbele ya nyumba, upande wa jikoni. Saruji bado haijawekwa. Njoo Krismasi kama ulivyosema. Nitasimama gatini. Unitukane mbele ya meli nzima, nitanyamaza.

Akaiti


Grey Lynn
24 Novemba 1974

Akaiti,

Sitakuja Krismasi. Likizo nimeirudisha, amechukua mwanamke wa Samoa ambaye mama yake yu hai.

Barua yako niliisomea chooni kiwandani, kwa sababu ndiko mahali pekee penye mlango. Msimamizi akaja kugonga. Nikatoka nikashona mikono kumi na nane ya makoti, na yote ilikuwa sawa, sikuharibu hata mmoja. Nakuambia ili ujue mtu anaweza kupokea barua kama ile na mikono ikaendelea na kazi.

Wivu wako nauelewa. Usidhani sielewi. Ungeniandikia wakati wowote, "Nooroa, nimechoka, njoo umbebe na wewe," ningekuja kwa aibu yangu yote. Hukuandika. Na mimi sikuja bila kuitwa, hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Lakini kuna kitu hukijui, na nimekaa siku tisa nikifikiri kama nikwambie au nikuhurumie. Nimeamua kukwambia.

Barua yako ya Agosti, ile ya mvua na taro, ilipofika hapa nilikuwa nimekata safu ishirini na moja tu. Kumi na tisa zilikuwa bado nzima. Nilikuwa nimezifumua moja kutoka nyingine, lakini viraka vyake vilikuwa vimeshikana, themanini themanini, kwa kipimo cha Mama. Niliposoma "usijichoshe" nilishikwa na hasira, nikachukua mkasi, nikazimaliza zote kumi na tisa kwa siku nne, ili nikuonyeshe kwamba naweza. Ungeandika lile neno moja, Akaiti, ningezifunga siku ile ile. Meli ya Septemba ilikuwa na nafasi, niliuliza. Zingefika wiki mbili kabla hajafa. Angezishika.

Safu kumi na tisa, kila moja inchi themanini. Zingemfunika miguu.

Siku hizi nikitoka kazini nakaa dirishani, mkono unatafuta sindano wenyewe, nauacha utafute. Viraka viko ndani ya mfuko chini ya kitanda. Kitambaa kilichokatwa hakiongezeki, hilo hata wewe unalijua. Kiraka chako cha kupimia nakurudishia humu ndani, sitaki kulala nacho nyumba moja.

Usiniandikie. Nikiweza siku moja kukuita dada nitaandika mwenyewe. Miezi ikipita bila barua, ujue bado sijaweza.

Nooroa